Sayari Saba za Gustav Holst

Mwaka 1913 mwalimu wa muziki kutoka London alikwenda kupumzika Mallorca, kisiwa cha Hispania. Huko mwandishi Clifford Bax akamfungulia mlango wa unajimu, na mwalimu huyo, Gustav Holst, akanaswa nao. Tangu hapo akawa anawapigia marafiki zake falaki, kisha akaanza kutunga muziki wa okestra: vipande saba, kila kimoja na tabia ya sayari yake.

Mirihi, Zuhura, Utaridi, Mshtarii na Zohali ni majina ambayo wanajimu wa pwani yetu wanayajua tangu zamani. Uranus na Neptune zikafuata. Dunia haimo, na wanaodhani kazi hii ni ramani ya anga hukwama hapo. Mnajimu hupima nyota zinavyomgusa binadamu aliyesimama duniani. Hata Pluto ilipogunduliwa mwaka 1930, Holst hakuongeza kipande.

Mirihi ndiyo inayonitetemesha. Inakwenda kwa mapigo matano matano, mwendo ambao mguu hauuzoei, huku wapiga fidla wakipiga nyuzi kwa mti wa uta badala ya kuzisugua. Wengi huisikia kama mizinga ya Vita Kuu ya Kwanza, ilhali Holst aliianza kabla ya vita kulipuka mwaka 1914.

Alifundisha katika shule ya wasichana ya St Paul's, hivyo alitunga wikendi na likizo. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukimuuma. Walimu wenzake wawili, Vally Lasker na Nora Day, wakamsaidia kuandika nota.

Septemba 29, 1918, rafiki wa Holst, Balfour Gardiner, alimzawadia ukumbi wa Queen's Hall pamoja na okestra nzima ili kazi hiyo ipigwe. Adrian Boult, kijana wa miaka 29, akaongoza mbele ya wageni waalikwa, baada ya mazoezi yasiyofika saa mbili. Binti yake Holst, Imogen, alisimulia kwamba Mshtarii ilipopigwa, wanawake waliokuwa wakisugua sakafu za ukumbini waliweka brashi chini wakacheza.

Holst mwenyewe aliipenda zaidi Zohali, sayari ya uzee. Mimi hungoja Neptune: kwaya ya wanawake inaimba bila maneno kutoka chumba cha pembeni, haionekani, na mlango unafungwa polepole mpaka sauti inapotea.