Mavazi ya likizo Pwani: Ubora u katika uzi, si katika nembo

KILA Desemba, familia nyingi kutoka bara huteremka Pwani kwa likizo. Tangu treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Nairobi na Mombasa mnamo Juni 2017, safari yenyewe imekuwa nyepesi kuliko ilivyokuwa zamani. Hata hivyo, ununuzi wa mavazi ya likizo ungali unafanywa kwa pupa, aghalabu siku mbili tatu kabla ya kuondoka, na kwa kutazama rangi na bei pekee.

Matokeo yake yanajulikana. Shati lililong'aa dukani jijini Nairobi hugandamana na mgongo mara tu mvaaji ashukapo kituoni Miritini. Rangi ya gauni jipya huhamia kwenye mashuka ya hoteli, nalo vazi la kuogelea hulegea kabla ya wiki kwisha. Kwa familia iliyojinyima mwaka mzima ili ipate siku tano za mapumziko, hasara hiyo si ndogo.

Joto na unyevu

Kati ya Desemba na Machi, wakati wa kaskazi, joto la mchana mjini Mombasa hufikia nyuzi 32 hivi za Selsiasi. Hata mwezi wa Julai, wakaazi wa Nairobi wanapotembea na masweta, Mombasa huwa na nyuzi 27 au 28 mchana.

Lakini linalomtesa mgeni si joto peke yake, bali pia unyevu wa hewa. Mwili hujipoza kwa jasho linalokauka juu ya ngozi, na hewa iliyojaa unyevu hulichelewesha jasho hilo kukauka. Vazi lisilopitisha upepo huzidisha dhiki, na watoto wadogo ndio huwa wa kwanza kutokwa na harara.

Ndiyo maana kitambaa hutangulia mtindo. Katika hali ya kawaida, pamba hubeba unyevu wa takriban asilimia 8 ya uzani wake, na kitani takriban asilimia 12. Poliesta haifiki hata asilimia 1. Jasho hubaki kwenye ngozi. Kitani hukunjamana upesi, lakini mikunjo si aibu kwa mtu aliye likizoni. Riyoni, ambayo hutokana na miti, ni nyepesi na huleta ubaridi, ila hudhoofika inapolowa na haifai kufuliwa kwa nguvu. Iwapo mnunuzi analazimika kuchukua kitambaa kilichochanganywa, lebo ya ndani isomwe, na pamba iwe ndiyo yenye sehemu kubwa.

Namna ya kukagua

Kwanza, nguo iinuliwe kwenye mwanga. Nyuzi zilizofumwa vyema hukaa sawasawa. Penye matundu matundu au mistari iliyopinda, nguo hiyo haitadumu. Pili, leso nyeupe yenye unyevunyevu isuguliwe mahali pasipoonekana. Ikichukua rangi, mnunuzi ajue mapema kwamba nguo hiyo itachujuka.

Tatu, mshono utazamwe kutoka ndani. Mshono mzuri huwa na pigo zisizopungua nne katika kila sentimita, na kingo za kitambaa huwa zimefungwa ili zisifumuke. Nguo iliyoachiwa upindo wa kutosha yaweza kuteremshwa mtoto anaporefuka. Vifungo navyo vivutwe kidogo.

Aliyefika nyumbani na bado ana shaka anaweza kuchomoa uzi mmoja kwenye upindo na kuuchoma kwa kiberiti, mbali na nguo. Uzi wa pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Wa poliesta huyeyuka na kuacha tone gumu.

Vipimo hivi vinafaa pia kwa mitumba, na pengine ndiko vinakolipa zaidi. Katika masoko ya Gikomba jijini Nairobi na Kongowea mjini Mombasa, mwenye subira huweza kupata shati la kitani kwa bei ya chini. Akague makwapa, ukosi na mapaja ya suruali, maana hapo ndipo nguo huchakaa kwanza.

Leso na kikoi

Msafiri hana haja ya kujaza begi lake, kwani mavazi yanayolifaa joto la Pwani yamekuwako huko kwa vizazi vingi. Mtaa wa Biashara mjini Mombasa unajulikana kwa maduka ya leso, na leso moja hutumika kama kanga ya kiunoni, kitandio cha ufuoni au kivuli cha mtoto.

Leso huuzwa kwa jozi, nazo mpya huwa ngumu kwa sababu ya wanga. Mnunuzi aifikiche kati ya vidole. Unga mwingi ukidondoka, kitambaa chenyewe ni hafifu na kitabaki chepesi kama chachi baada ya kufuliwa. Jina lililoandikwa juu ya pindo nalo lisomwe kabla ya kulipa. Mengine ni ya dua na upendo, mengine ni vijembe, na mgeni anaweza kumpelekea mama mkwe zawadi yenye maneno ambayo hakukusudia.

Kikoi halisi hufumwa kwa nyuzi zilizokwisha kutiwa rangi, hivyo mistari yake huonekana pande zote mbili. Kile ambacho upande wake wa nyuma umepauka kimepigwa chapa tu.

Baharini na mitaani

Fulana nyeupe ya pamba hukinga jua kwa kiasi kidogo, na kinga hiyo hupungua zaidi inapolowa. Wanaokwenda kutazama samaki Watamu au Kisite huelea kifudifudi kwa muda mrefu, na mgongo huungua bila wao kuhisi. Kwa shughuli hiyo, fulana ya kuogelea ya mikono mirefu yenye alama ya UPF 50 ina thamani ya bei yake. Hapa nailoni huishinda pamba, kwa kuwa haisharabu maji mengi. Baada ya kuogelea, vazi lisuuzwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kuanikwa kivulini, kwani klorini na jua huharibu nyuzi zake za kunyumbuka.

Vazi la ufuoni, hata hivyo, huishia ufuoni. Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa ni makaazi ya watu na mna misikiti mingi. Anayepita humo hufunika mabega na magoti. Baadhi ya hoteli nazo huwataka wanaume wavae suruali ndefu wakati wa chajio.

Kwa siku tano, mtu mzima atatosheka na mashati au blauzi tatu za pamba, suruali au sketi mbili pana, vazi la kuogelea, kofia ya ukingo mpana, viatu vya mpira vya kukanyagia miamba, na leso au kikoi kimoja. Nguo zote mpya zifuliwe nyumbani kabla ya safari, kila rangi peke yake. Kasoro itakayojitokeza kwenye karai ingali na dawa, kwa kuwa aliyeuza nguo hiyo bado yu karibu.