Mlango wa Kwao: Ndoa, Kipigo na Magonjwa Karagwe na Kyerwa

Mwishoni mwa mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe kwa mfalme Rumanyika. Alikuwa akitafuta chanzo cha mto Nile, lakini katika makao yale kilichomshangaza zaidi ni wanawake wa nyumba za wakubwa. Walinyweshwa maziwa tangu usichana mpaka wakashindwa kusimama wenyewe, kwa kuwa unene ulikuwa fahari ya mume na ushahidi wa wingi wa ng'ombe wake. Speke alimpima shemeji mmoja wa mfalme: mkono wake ulikuwa na mzunguko wa inchi 23. Binti wa mama huyo, mwenye miaka kumi na sita, alikuwa ameketi mbele yao akinywa maziwa. Baba yake alikuwa karibu, ameshika fimbo ili asiache kunywa.

Ni maelezo ya mgeni, tena ya mgeni aliyethubutu kuwapima wake za wenyeji wake kama mizigo. Aliyoyaona yalikuwa ya nyumba za watawala wenye mifugo, si ya mkulima wa kawaida wa Kinyambo mwenye jembe na migomba yake. Hata hivyo, katika maandishi ya kwanza kabisa yanayoingia ndani ya nyumba za Karagwe, fimbo ipo, na imeshikwa na mwanamume mwenye haki ya kuitumia.

Kwa mkulima mambo yalikuwa na sura nyingine. Mwanamke aliolewa akaingia kwenye kibanja (shamba la migomba) cha ukoo wa mumewe. Alilima, akapalilia, akapika, akazaa, lakini ardhi haikuwa yake, na mume alihesabiwa kuwa na haki ya "kumrudi" mkewe kama anavyorudiwa mtoto. Kilichoweka mpaka wa haki hiyo ni watu wa kwao. Mke aliyepigwa kupita kiasi alifunga kitambaa chake, akambeba mtoto anayenyonya, akaenda kwa wazazi. Huko alikaa mpaka mume amfuate, naye hakufuata mikono mitupu: alikuja na wazee wa upande wake na kibuyu cha rubisi, ile pombe ya ndizi ambayo bila hiyo hakuna kesi iliyoweza kuzungumzwa. Baba wa mke aliuliza, mume akajieleza mbele ya wakwe, shangazi akasema neno lake, na mara nyingi mume alitozwa kitu kabla ya kuruhusiwa kuondoka na mkewe.

Haukuwa ulinzi kamili. Mzee aliyekwisha kupokea mahari na kuyatumia kumwozesha mtoto wake wa kiume hakuwa na hamu ya kuyarudisha, kwa hiyo binti wengi walirudishwa kwa waume wakiwa na alama mwilini na maneno ya kuvumilia masikioni. Lakini mlango wa kwao ulikuwepo. Mume alijua kwamba mkewe anaweza kuondoka, na kwamba atalazimika kumfuata na kuona haya mbele ya watu.

Historia ya kipigo katika ndoa za Karagwe, na Kyerwa iliyomegwa kutoka humo mwaka 2012, ni kwa kiasi kikubwa historia ya mlango huo: nani aliuacha wazi, nani aliuziba, na ni misukosuko gani iliufanya usipitike.

Msukosuko mmoja ulikuwa sotoka ya miaka ya 1890, iliyoua ng'ombe wa eneo lote la Maziwa Makuu na kuvunja utajiri wa wafugaji wa Karagwe. Baadaye wakoloni walieneza kilimo cha kahawa, na kahawa ikawa zao la mume. Katika miaka ya 1920 na 1930, baadhi ya wanawake wa Bukoba jirani waliochoka na ndoa zao walivuka ziwa mpaka Nairobi, wakapanga vyumba katika mtaa wa Pumwani, wakajulikana huko kama Waziba. Wengi waliishi kwa kuuza miili yao. Watawala wa jadi na wamisionari waliwalaani na kujaribu kuwazuia wasisafiri. Mwanahistoria Luise White, aliyezungumza na wanawake wa Pumwani, ameonyesha jinsi fedha hizo zilivyorudi nyumbani na kuwa ardhi na nyumba za familia. Ni jambo zito kulitafakari: kwa mwanamke wa wakati ule, njia ya kutoka kwenye ndoa mbaya na kuwa na kibanja chake mwenyewe ilipita kwenye vyumba vile.

Kisha ikaja sheria. Baada ya waraka wa serikali wa mwaka 1969, Bunge lilipitisha Sheria ya Ndoa ya 1971, na ndani yake kuna kifungu cha 66, kifupi kuliko vingi vinavyokizunguka. Kinasema kwamba, hata kama mila inaruhusu, hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko. Kwa sentensi moja, haki ya kumrudi mke ilifutwa kuanzia Karagwe hadi Mtwara.

Lakini kifungu hicho hakikutaja adhabu. Mume anayempiga mkewe hushtakiwa kwa shambulio chini ya Kanuni ya Adhabu, kama aliyepigana na jirani kilabuni. Na mke anayetaka talaka hutakiwa kwanza kupita kwenye baraza la usuluhishi la ndoa, ambako mara nyingi hukutana na wazee wa kata anayoishi mumewe, wengine wakiwa wa ukoo wake.

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera, ambamo Karagwe imo. Utafiti wa mwaka 1987 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne wa Bukoba mjini ameambukizwa. Karagwe kiwango kilikuwa chini ya asilimia 5, lakini hofu haikusubiri takwimu. Janga lile liligusa ndoa penye uchungu zaidi. Mke aliyeugua alituhumiwa kuleta ugonjwa, na mke aliyefiwa alitazamwa kama mtu asiye na haki tena ya kukaa kwenye kibanja cha ukoo. Wazazi nao walikuwa wakifa, na kwa binti aliyefiwa na baba na mama, mlango wa kwao ulikuwa mkononi mwa kaka au baba mdogo mwenye yatima wake wa kulea.

Ni katika miaka hiyo hiyo ambapo mwanamke mmoja wa Muleba, Holaria Pastory, aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake. Mpwa wake Bernardo Ephraim alimshtaki katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akisema mila za Wahaya haziruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Kesi ilifika Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba mila hiyo inapingana na haki za binadamu zilizomo katika Katiba. Kesi haikuhusu kipigo. Lakini mwanamke mwenye ardhi yake ana mahali pa kwenda usiku anapopigwa, na kwa sababu hiyo hukumu ile ni sehemu ya historia hii sawa na kifungu cha 66.

Hukumu na maisha ya kibanjani havikwenda kwa kasi moja. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 uliiweka Kagera miongoni mwa mikoa iliyoongoza: takriban theluthi mbili ya wanawake waliowahi kuolewa walisema wamefanyiwa ukatili na mume, wa mwili, wa kingono au wa kihisia. Kwa nchi nzima ilikuwa nusu.

Hivyo ndivyo hali ilivyokuwa Machi 2020. Mgonjwa wa kwanza wa corona nchini alitangazwa tarehe 16, na shule zikaanza kufungwa kesho yake. Aprili, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, aliomba vita visitishwe hata majumbani, na Shirika la Idadi ya Watu la umoja huo likakadiria matukio milioni 31 zaidi ya ukatili duniani iwapo watu wangefungiwa kwa miezi sita.

Tanzania haikuwafungia watu ndani. Kwa hiyo maelezo ya kufungiwa, yaliyotosha London, hayatoshi Karagwe. Hapa inafaa kuangalia kalenda ya kahawa. Machi na Aprili buni bado ziko mtini na fedha ni haba. Ndio msimu wa butura, biashara iliyopigwa marufuku ambamo mkulima huuza kahawa ikiwa bado shambani kwa bei ya kutupa. Mume anaweza kuuza butura asubuhi bila mkewe kujua, fedha zikaishia kilabuni, na ugomvi ukaanza mke anapouliza. Mwaka ule watoto wote walikuwa nyumbani wakitaka chakula cha mchana mpaka shule zilipofunguliwa mwishoni mwa Juni.

Na mpaka ulikuwa umefungwa. Kuanzia tarehe 23 Machi Uganda iliruhusu malori ya mizigo lakini si watu. Kwa familia za Murongo wilayani Kyerwa, mto Kagera ni wa kuvuka kwenda msibani, gulioni, au kwa mama. Ng'ambo ni Kikagati, na wapo wanawake wa Kyerwa ambao kwao ni huko. Safari hiyo, mlango wa kwao ulizibwa na amri ya nchi nyingine, na aliyetaka kupita alilazimika kutumia njia za panya.

Yapo mambo yaliyojengwa. Polisi wana Madawati ya Jinsia na Watoto, redio za kijamii kama FADECO ya Kayanga hufika vijijini ambako wakili hafiki, na wasaidizi wa kisheria wapo. Lakini dawati ni la kuendewa, na kutoka kijiji cha pembezoni hadi kituoni ni nauli ya bodaboda ambayo mwenye kuishika ni mume.

Rwanda ilitunga sheria mahususi ya kuzuia ukatili wa kijinsia mwaka 2008. Uganda ilipata Sheria ya Ukatili wa Majumbani mwaka 2010, na Kenya ikafuata mwaka 2015. Kyerwa inapakana na mbili za kwanza, na mwanamke wa Murongo anaiona Uganda kwa macho yake akiwa anateka maji. Upande wake wa mto, zaidi ya nusu karne tangu 1971, Tanzania Bara haina sheria ya namna hiyo, na kifungu cha 66 bado hakina adhabu. Wabunge wa Karagwe na Kyerwa ndio wenye sababu ya kwanza ya kulipeleka jambo hili Dodoma, kabla janga jingine halijafika.