Mwili haumsahau adui: Hatari ya kingamwili kwa wanaoongezewa damu mara kwa mara

MGONJWA anaweza kupewa damu ya kundi lake hasa, na bado mwili wake ukaikataa.

Katika kaunti za Kisii na Nyamira, kama kwingineko, walio katika hatari zaidi ni wale wanaoongezewa damu mara kwa mara, hasa wenye ugonjwa wa selimundu. Akina mama waliowahi kushika mimba pia wamo, kwani ujauzito nao huweza kuzusha kingamwili.

Makundi ya A, B na O, ambayo Karl Landsteiner aliyatangaza mnamo 1901, pamoja na alama ya Rhesus D, ndiyo hupimwa kwa kawaida. Lakini seli nyekundu zina alama nyingine nyingi, zikiwemo C, E, Kell na Kidd. Asiye nazo akitiwa damu iliyo nazo, mwili wake huweza kuunda kingamwili za kuzipiga vita.

Mara ya kwanza huenda asihisi lolote. Miezi au miaka ikipita, kingamwili hizo hupungua hata zisionekane katika vipimo. Akiongezewa tena damu yenye alama ile ile, huibuka upesi na kuziharibu seli alizopewa.

Homa au mwasho wa papo hapo wauguzi huuona mgonjwa angali kitandani. Madhara haya ya kuchelewa hutokea baina ya siku 3 na 14, mgonjwa akiwa kwao: homa, macho ya manjano, mkojo wa rangi ya chai isiyotiwa maziwa, na damu kupungua tena. Ni rahisi kuyadhania malaria au, kwa mwenye selimundu, maumivu yake ya siku zote. Kumwongeza damu nyingine kwa pupa kunaweza kumuua.

Hapo ndipo rekodi inapokuwa na uzito. Kingamwili iliyogunduliwa Nyamira isipoandikwa katika kadi ya mgonjwa, maabara ya Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii inaweza kupima mwaka unaofuata na isione kitu.

Kuna afueni moja. Hapa, anayetoa damu na anayeipokea mara nyingi hutoka jamii zinazokaribiana, hivyo alama zao hufanana zaidi kuliko Ulaya au Marekani, ambako mgonjwa mwenye asili ya Afrika mara nyingi hutiwa damu ya Wazungu.

Anayeona mkojo umebadilika rangi ndani ya majuma mawili arejee hospitalini mara moja, na ataje siku aliyoongezewa damu hata kama hakuulizwa.