Kukwamakwama si Kigugumizi

Kuanzia Kavimvira hadi Kalundu, mtu wa Uvira akimpelekea fundi ordinateri aliyoiunganisha na televisheni ili atazame filamu, humwambia neno moja tu: inakwama. Neno hilo limebeba maradhi yasiyopungua matatu, na kila moja lina dawa yake. Ndiyo maana mtu huambiwa aongeze memori, akaongeza, na filamu ikaendelea vilevile.

Mfasiri mwenye haraka atataka kuyaita yote kigugumizi. Silikubali. Mwenye kigugumizi hurudia silabi, na kinachosumbuka ni sauti yake. Kwenye filamu mambo ni kinyume: sauti inatiririka, picha ndiyo inayoruka. Programu nyingi za kuchezea video huifanya sauti kuwa saa, kwa sababu sikio hukamata mkato mdogo upesi kuliko jicho. Picha basi haina budi kuifuata. Filamu ya sinema huenda kwa fremu 24 kila sekunde, yaani kila fremu ina milisekunde 42 hivi za kufumuliwa, kuchorwa na kuonyeshwa. Ikichelewa, programu huitupa na kurukia inayofuata. Mtazamaji huona picha imesimama kidogo, kisha mtu aliyekuwa mlangoni ameshakaa kitini. (Wapenzi wa filamu za kusimuliwa kwa Kiswahili wana nafuu yao: msimulizi hakwami, kwa hiyo kisa wanakipata hata picha zikiwapita.)

Hali hii ya kupoteza fremu naiita kukwamakwama. Kiswahili kikitaka kuonyesha jambo linalojirudia kidogokidogo hukariri kitenzi, na hapa ndipo mahali pake. Wengine husema kukatakata, na ningelikubali lau si umeme. Uvira ukisema imekata, watu hutafuta mshumaa.

Chanzo chake kwa kawaida ni kodeki, yaani kanuni ya kuibana video na kuifumua. H.264 ilitoka 2003, H.265 ikafuata 2013. Hii ya pili huweza kupunguza faili hadi karibu nusu bila kushusha ubora, na anayejaza filamu kwenye flash za wateja ana kila sababu ya kuipenda. Bei yake inalipwa na prosesa. Intel waliiwekea H.265 sehemu maalumu ya kuifumua ndani ya chipu za kizazi cha 6, mwaka 2015, na ile ya biti 10 ikangoja kizazi cha 7. Laptopu ya mtumba iliyotangulia miaka hiyo hulazimika kufanya kazi yote kwa prosesa, nayo hutoka jasho. Ongeza joto la pwani ya Ziwa Tanganyika na feni iliyozibwa na vumbi: prosesa ikipata moto hujipunguzia kasi ili isiungue. Ongeza tena betri, kwani umeme ukikatika mashine nyingi hubana matumizi, na filamu iliyokuwa ikienda vizuri huanza kukwamakwama papo hapo.

Ipo njia rahisi ya kuhakikisha. Fungua filamu kwa programu ya VLC, bonyeza Ctrl pamoja na I, nenda kwenye ukurasa wa takwimu, utazame idadi ya fremu zilizopotea. Ikipanda, safisha feni, rudi kwenye umeme, au tafuta nakala ya H.264.

Isipopanda kabisa na bado picha inasumbua, hasa kamera inapopita polepole juu ya mandhari, hayo ni maradhi mengine. Skrini nyingi huchora picha mara 60 kwa sekunde, na 60 haigawanyiki kwa 24 bila baki. Fremu moja huonyeshwa mara 2, inayofuata mara 3: milisekunde 33, kisha 50, kisha 33 tena. Hakuna kilichopotea, ila mwendo ni wa mtu mwenye mguu mmoja mfupi. Kiswahili kinalo neno lake tayari, kuchechemea. Memori haitibu hapa, wala prosesa mpya. Iweke skrini kwenye mara 24 kwa sekunde kama inaweza. Programu ya Kodi ina mpangilio wa kuifanya kazi hiyo yenyewe. Video za fremu 25, kama zile za televisheni za Ulaya, zinataka mara 50.

La tatu ni kusubiri, na halihitaji istilahi mpya. Video ya intaneti huwekewa akiba mbele, inayoitwa bafa; mtandao ukizidiwa akiba huisha, na sauti husimama pamoja na picha. Diski inayokaribia kufa huleta dalili ileile.

Kwa hiyo kabla ya kumwita fundi, sikiliza kwanza. Kama sauti nayo inasimama, usikubali kuuziwa memori.