Sauti Iliyoachishwa Kazi

Katika miaka ya 1980, kutunga muziki wa chipu ya kompyuta kulikuwa ajira. Mwingereza Rob Hubbard, aliyetunga muziki wa gemu nyingi za Commodore 64, aliishi kwa ufundi huo, na mwishoni mwa muongo akahamia Marekani kufanya kazi Electronic Arts. Haukuwa ufundi wa mchezo. Chipu ya SID iliyokuwa ndani ya Commodore 64, kazi ya mhandisi Bob Yannes, ilitoa sauti tatu tu kwa wakati mmoja. Mtunzi aliyetaka noti tatu zisikike pamoja bila kumaliza sauti zote alizipokezanisha haraka haraka kwenye sauti moja, mpaka sikio likadanganyika. Kisha ikaja CD. PlayStation ilipotoka Japani mwaka 1994, gemu iliweza kubeba muziki uliorekodiwa studio, wenye magitaa na waimbaji, na fundi wa mawimbi ya mraba akaanza kukosa soko. Muziki tunaouita leo chiptuni ulianza maisha yake ya pili hapo, sauti yake ilipokosa mwajiri. Walioiokota walikuwa wanafunzi na watu wenye ajira za mambo mengine kabisa. Wapenzi wa muziki huu hupenda kusema kwamba udogo wa chipu ndio uliouumba. Mimi naona uhaba wa muda wa watunzi wake ulifanya kazi kubwa zaidi.

Chukua Game Boy, kifaa cha mkononi cha Nintendo kilichotoka Aprili 1989. Kina njia nne za sauti: mbili za mawimbi ya mraba, moja ya wimbi ambalo mtunzi huliunda mwenyewe kwa vipimo 32, na moja ya kelele inayotumika kama ngoma. Aliyewahi kutunga mlio wake mwenyewe kwenye Nokia 3310 anaweza kukisia ladha yake, ingawa simu ile ilikuwa na njia moja tu. Kwa karibu miaka kumi, aliyeweza kuiamrisha chipu ya Game Boy ni programa wa kampuni, mwenye vifaa na nyaraka zisizouzwa dukani. Aliyeufungua mlango huo kwa wengi ni Oliver Wittchow, mwanafunzi wa chuo cha sanaa cha Hamburg, Ujerumani, aliyetengeneza programu ya nanoloop mwaka 1998. Huonyesha viboksi 16 vilivyopangwa vinne kwa vinne. Mpigaji huweka sauti ndani ya kiboksi, mdundo ukizunguka bila kusimama. Miaka miwili baadaye Mswidi Johan Kotlinski akatoa Little Sound DJ, maarufu kama LSDJ, ambayo mpaka leo ndiyo programu inayotajwa zaidi.

Ukiitazama LSDJ kwa karibu unaona ni ya mtu wa aina gani. Wimbo haujengwi kwa mstari mmoja mrefu kama kwenye programu za studio. Kipande cha chini kabisa kina hatua 16, sawa na sekunde mbili hivi kwenye mwendo wa kuchezeka. Vipande huunganishwa kuwa mnyororo, minyororo ikapangwa kuwa wimbo, na kipande kimoja kinaweza kurudiwa mahali popote bila kuandikwa upya. Kazi yote hufanywa kwa vidole gumba viwili na vitufe vichache. Kifaa hakina cha kusubiri: ukikiwasha, baada ya sekunde chache uko kwenye wimbo ulipouachia, kwa sababu unakaa kwenye kumbukumbu ya katriji. Betri nne ndogo zinatosha kwa saa nyingi. Kwa hiyo dakika kumi za kusubiri treni zinatosha kumaliza kitu, japo ni mdundo wa besi wa hatua 16, na kesho yake kipande hicho kitakuwa pale pale kikisubiri mwenzake. Isipokuwa betri ndogo iliyo ndani ya katriji iwe imekufa. Hapo nyimbo zote huyeyuka, na ndiyo maana wazoefu hunakili kazi zao kwenye kompyuta kila mara.

Hata marekebisho yanayofanyiwa vifaa hivi yanasimulia habari hiyohiyo. La kwanza ni la sauti. Ndani ya Game Boy ya mwaka 1989, sauti hupita kwenye amplifaya dhaifu inayoongeza mvumo na kula besi, hivyo fundi hufungua kasha, hulehemu waya kwenye miguu ya kidhibiti sauti kabla ishara haijafika kwenye amplifaya hiyo, kisha huzitoa nje kwa tundu jipya. La pili ni la kioo, ambacho kiasili hakina taa. Nyuma yake kuna utando unaoakisi mwanga. Hubanduliwa taratibu kwa wembe, gundi husafishwa, kisha bapa la taa huchomekwa. Mkono ukiteleza, kioo kimekwisha. Rekebisho la kwanza ni la jukwaani, mahali pa usiku mmoja mmoja. La pili ni la mtu anayetunga taa zikiwa zimezimwa, wenzake wamelala, na kesho ana kipindi au zamu ya asubuhi.

Mtu atasema kwamba haya yote ni kumbukumbu za utotoni tu, watu wazima wanaililia midoli yao. Si uongo mtupu, lakini hoja hiyo haifiki mbali. Nanoloop haina mhusika wa gemu hata mmoja ndani yake. Ni viboksi na maumbo. Nyimbo nyingi zinazotungwa kwa vifaa hivi ni za kuchezwa, ndugu wa tekno, wala hazinukuu gemu yoyote. Aliyejaribu kuiuza hadithi kubwa zaidi alikuwa Malcolm McLaren, meneja wa zamani wa bendi ya panki ya Sex Pistols, aliyeandika kwenye jarida la Wired mwaka 2003 akiutangaza muziki huu kama panki mpya. Mwaka uliofuata mwanamuziki gwEm alimjibu kwa barua ya wazi akipinga mengi aliyoyasema. McLaren alikuwa akitafuta bendi za kuuza, ilhali jamii aliyoikuta ilikuwa ikigawa muziki wake bure: 8bitpeoples, lebo iliyoanzishwa mwaka 1999, ilitoa albamu za kupakua bila malipo. Anayegawa bure ana chanzo kingine cha mkate, na biashara ya meneja haimhusu sana.

Pingamizi lenye uzito zaidi linatoka kwa watu wa kompyuta. Kwa nini kuhangaika na plastiki ya mwaka 1989 wakati LSDJ hufanya kazi vizuri kwenye programu ya kuigiza Game Boy, na nanoloop yenyewe ipo kwenye simu? Nakubali kwamba simu inaidhoofisha hoja ya kifaa. Hoja ya muda inabaki na nguvu yake, kwa sababu simu imefaa kwa sababu zilezile: iko mfukoni na inawaka mara moja. Tofauti ni kwamba ndani ya simu bosi naye yupo, na mhadhiri, na kundi la familia.

Lipo pia swali la ubora. Muziki wa dakika kumi kumi unaweza kubaki na akili ya dakika kumi, na ni kweli kwamba sehemu kubwa ya chiptuni ni mzunguko uleule uliochoshwa. Waliovuka mara nyingi ni wale waliopata muda wa kulipwa, na aghalabu mlipaji alitoka kwenye gemu tena: Anamanaguchi wa New York kwa gemu ya Scott Pilgrim mwaka 2010, na Chipzel wa Ireland Kaskazini kwa Super Hexagon ya Terry Cavanagh mwaka 2012. Lakini wote wawili walijifunza lugha hiyo kabla hawajaitwa.

Yupo na aliyekwenda kinyumenyume. Hirokazu Tanaka alikuwa mwajiriwa wa Nintendo; alihusika kuunda mfumo wa sauti wa Game Boy na kutunga muziki wa gemu ya Metroid na wa Tetris ya kifaa hicho. Baadaye akawa kiongozi wa Creatures, kampuni ya Japani inayotengeneza karata za Pokémon. Mwaka 2017, akiwa na kazi hiyo ya ofisi, alitoa albamu yake ya kwanza ya chiptuni, Django, kwa jina la Chip Tanaka, bila gemu yoyote nyuma yake.