Kuganda na Kuganduka: Kisa cha Damu ya Uzazi

Lugha yetu ina hazina ambayo sisi wasemaji wake aghalabu tunaitumia bila ya kuitupia jicho. Aliyefunga hufungua, aliyeziba huzibua, aliyetega hutegua. Na kilichoganda huganduka. Nilipopewa kufasiri kijitabu cha afya ya uzazi, nilikwama siku nzima kwenye neno plasmini, nikipekua kamusi moja baada ya nyingine, kabla ya kubaini kwamba jambo lenyewe limo katika mnyambuliko wa kitenzi nilichokijua tangu utotoni. Damu huganda ili jeraha lizibe. Jeraha likipona, lazima bonge lile ligandulike, la sivyo lingeuziba mshipa. Kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo ya pili ndicho plasmini. Kigandua, ningekiita, lau ningeachiwa.

Neno hilo lilinirejesha Lipingo, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, kwa wazazi wa mke wangu. Wakati huo sehemu ile ilikuwa bado ya Wilaya ya Mbinga. Wilaya ya Nyasa ilikuja kuzaliwa mwaka 2012. Mwaka 1994 shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, alijifungua nyumbani baada ya magharibi. Mtoto alilia vizuri. Damu ya mama haikukatika. Mkunga alimkanda tumbo, akamfunga kanga, akamkanda tena. Ziwa lilikuwa limechafuka, na wenye mtumbwi wakangoja mawimbi yatulie. Walipofika kwenye hospitali kulikuwa kumekwishapambazuka, naye alikuwa ameshaaga dunia. Mama mkwe alisema damu ya mwanawe iligeuka maji: ilianza nzito, ikaishia nyepesi, haishiki hata kwenye kitambaa. Niliyapokea maneno yale kama maneno ya msiba.

Hayakuwa ya msiba tu. Katika kitabu chake kilichotoka London mwaka 1794, baada ya kufa kwake, mpasuaji John Hunter aliandika kwamba damu ya aliyeuawa na radi, au ya mnyama aliyekimbizwa mpaka akafa, haigandi kama damu nyingine. Aliona asichoweza kukieleza. Mfaransa Albert Dastre alilipa jambo hilo jina la kitaalamu mwaka 1893. Kisha, Moscow mwaka 1930, tabibu Sergei Yudin alithubutu kumtia mgonjwa damu ya maiti. Na ikadhihirika kwamba damu ya waliokufa ghafla hubaki majimaji kwa kuwa iliganda kisha ikaganduka yenyewe. Mwaka 1933 William Tillett na Garner, kule Baltimore, walionyesha kwamba hata vijidudu fulani vya maradhi ya koo vina uwezo wa kuyeyusha bonge la damu. Jina la plasmini lenyewe lilitolewa mwaka 1945.

Kwa ufupi wa asiye tabibu, mambo yako hivi. Ini hutengeneza plasminojeni, ambayo huzunguka katika damu ikiwa imelala. Bonge linapofanyika, nyuzi zake za faibrini huidaka. Kuta za mishipa nazo hutoa kiamshi, na iliyolala huamka ikawa plasmini, ikaanza kuzikata nyuzi hizo. Ikipungua nguvu, mabonge huweza kubakia mapafuni au ubongoni. Ikizidi, kila kinachoganda huganduka kabla ya kufaa kitu. Kwa mzazi, chanzo kikubwa cha kutokwa na damu ni mji wa mimba kulegea pale unapopaswa kukaza, na tiba ya kwanza ni kuukaza. Lakini wakati huohuo plasmini huweza kuamka kupita kiasi, na damu ikawa, kama alivyosema mama mkwe, maji.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, mume na mke wa Kijapani, Shosuke na Utako Okamoto, walianza kutafuta cha kuizuia. Bibi Utako alikuwa akienda maabara na binti yake mgongoni, kwa kukosa wa kumwachia, na katika mkutano mmoja wa wataalamu aliambiwa aondoke kwani si mahala pa wanawake na watoto. (Nani Uswahilini atakayestaajabu kumwona mama kazini na mtoto mgongoni?) Mwaka 1962 walitangaza asidi ya traneksamiki. Hila yake ni nyepesi: hufanana na laisini, ile sehemu ya uzi wa faibrini ambayo plasminojeni huishikilia, hivyo hukaa mahala pake, na uzi ukasalimika.

Bibi Utako alitamani dawa yake ijaribiwe kwa wazazi wanaotokwa na damu, na kwa miaka mingi hakusikilizwa. Jaribio kubwa lilianza mwaka 2010: wanawake 20,060 katika nchi 21, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo. Yeye alifariki Aprili 2016, akiwa na miaka 98. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Waliopewa dawa ndani ya saa tatu tangu kujifungua, vifo vya kutokwa na damu vilipungua kwa takriban thuluthi moja. Baada ya saa tatu haikufaa kitu. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza itumike ndani ya muda huo. Utafiti mwingine, wa wanawake wenye upungufu wa damu wa wastani au mkubwa, Tanzania ikiwemo tena, ulitoa jibu mwaka 2023: kuwapa mapema kwa kinga hakukuzuia damu kumwagika.

Dawa hii hutiwa kwenye mshipa, basi yataka mtu aliyefunzwa na mahala penye taa. Nilipofika kwenye hizo saa tatu niliiweka kalamu chini. Mwaka 1994 dawa ilikuwa na umri wa miaka 32. Nilimuuliza mke wangu mtumbwi uling'oa lini. Akasema jogoo wa kwanza alikuwa amekwishawika.