Mwaka 1965: Morogoro ilipompoteza Salum Abdallah, Mbaraka akashika gitaa

Nenda Kilosa mjini au pale Mikumi njia panda, uliza habari za muziki wa zamani. Jina la kwanza utakaloambiwa ni Mbaraka Mwinshehe. Ukimtaja Salum Abdallah, wazee watatabasamu, vijana watakutazama tu.

Lakini kwa zaidi ya miaka kumi Salum ndiye aliyekuwa mkubwa wa dansi mkoani Morogoro. Mwaka 1965 ndio unaowaunganisha hawa wawili.

Kwanza, hiyo jazz yenyewe

Tuelewane hapa, maana neno linachanganya. Mwanzoni mwa 1965 kule Marekani, John Coltrane alitoa albamu yake maarufu, A Love Supreme. Hiyo ndiyo jazz ya Wamarekani. Kwetu "Jazz" lilikuwa jina la bendi ya dansi yenye magitaa, ngoma na tarumbeta au saksafoni. Ndiyo maana tulikuwa na Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Tabora Jazz, na Atomic Jazz ya Tanga. Muziki waliopiga ulikuwa na damu ya Kuba na Kongo kuliko ya New Orleans.

Damu hiyo ya Kuba ililetwa na santuri. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya HMV ilisambaza Afrika santuri za muziki wa Kuba zenye herufi GV na namba. Zilipigwa kwenye gramafoni mijini, vijana wakazikariri bila kujua Kihispania hata neno moja.

Mji mmoja, bendi mbili

Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944. Miaka minne baadaye, 1948, Salum Abdallah akaanzisha ya kwake, akaiita La Paloma. Mwaka 1952 ikawa Cuban Marimba.

Salum, aliyezaliwa mwaka 1928, alikuwa amezama kabisa kwenye muziki wa Kuba. Inasimuliwa kwamba akiwa kijana alitoroka nyumbani akitaka kwenda Kuba kwenyewe, safari ikaishia Mombasa. Akarudi Morogoro, na Kuba akaijenga hapo hapo kwa Kiswahili. Aliimba mapenzi, mawaidha na uhuru, kwa sauti laini ambayo ukiisikia leo bado unaijua.

Fikiria ukubwa wa mji wenyewe. Sensa ya 1967 iliikuta Morogoro mjini na watu kama 25,000 tu. Mji mdogo namna hiyo ulikuwa na bendi mbili zinazojulikana nchi nzima, kila moja na mashabiki wake. Ukiniuliza mimi, ushindani huo ndio uliozinoa zote mbili.

Pesa ya dansi ilitoka wapi?

Hapa ndipo Kilosa inapoingia. Dansi ni starehe ya mwenye mshahara, na mshahara ulikuwa kwenye mkonge na reli. Kilosa, kama kilomita 80 kwa treni kutoka Morogoro, ilizungukwa na mashamba ya mkonge, Kimamba na kwingineko. Kusini zaidi, Kidatu, kiwanda cha sukari cha Kilombero kilikuwa kimeanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Reli ya tawi ilitoka Kilosa, ikapita Mikumi, ikateremka hadi Kidatu.

Mwisho wa mwezi pesa ilikuwa inashuka yote kwa mpigo. Mwenye bendi akijua tarehe za mishahara anajua na tarehe za dansi.

Ila 1965 haukuwa mwaka mwema kwa mkonge. Bei yake ilikuwa imeanza kuporomoka kwenye soko la dunia, na nyuzi za plastiki zilikuwa zinakuja.

Redio nayo ilibadilika mwaka huo. Shirika la utangazaji lililokuwepo lilivunjwa, ikazaliwa Radio Tanzania Dar es Salaam chini ya serikali. Kwa mtu wa Kilosa hii ilikuwa na maana kubwa. Nauli ya kwenda dansini Morogoro anaweza asiwe nayo, lakini redio ya jirani ipo.

Novemba

Mwezi Novemba 1965 Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari. Alikuwa na miaka 37.

Mwezi huo huo, tarehe 11, utawala wa wazungu wachache wa Ian Smith ulijitangazia uhuru Rhodesia. Utasema hiyo inahusiana nini na dansi? Inahusiana na Mikumi. Zambia ilikatiwa njia zake za mafuta za kusini, ikabidi mafuta yapite Dar es Salaam, Morogoro, Mikumi, Iringa hadi Tunduma kwa malori, kwenye barabara ambayo sehemu kubwa ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Madereva wenyewe waliifananisha na jehanamu. Mikumi, ambako hifadhi ya wanyama ilikuwa imetangazwa mwaka mmoja tu kabla, 1964, ikawa kituo kwenye njia ya malori, na imebaki hivyo mpaka leo.

Mbaraka anaingia

Cuban Marimba haikufa na Salum. Juma Kilaza aliishika, akaendelea nayo kwa miaka mingi na kuipa nyimbo zake. Lakini kule upande wa pili, Morogoro Jazz, katikati ya miaka hiyo ya 1960 alikuwa ameingia kijana mwenye miaka ishirini na ushee, Mbaraka Mwinshehe, mzaliwa wa 1944, umri sawa na bendi yenyewe.

Mbaraka hakumwiga Salum. Kwa Salum sauti ilikuwa mbele, gitaa linasindikiza. Kwa Mbaraka gitaa la solo linajibu, linabisha, wakati mwingine linamaliza sentensi ambayo mwimbaji ameiacha. Dansi likasogea kutoka Kuba kuja karibu na Kongo, halafu likawa la kwake mwenyewe. Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilikwenda Japani kwenye maonyesho ya Expo 70 ya Osaka. Mwaka 1973 Mbaraka aliondoka akaunda Super Volcano.

Januari 1979 naye alifariki kwa ajali ya gari, Mombasa. Alikuwa na miaka 34.

Nyimbo za Salum ziko wapi?

Tanzania ya 1965 haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Nyimbo nyingi za Cuban Marimba zilitolewa na Mzuri Records ya Mombasa, mji ule ule uliomkwamisha Salum njiani kwenda Kuba. Bila santuri hizo tungebaki na masimulizi tu.

Mwaka 2000 kampuni ya Dizim ya Ujerumani ilikusanya baadhi yake kwenye CD iitwayo Ngoma Iko Huku, yenye rekodi za kati ya 1955 na 1965. Tafuta jina hilo kwenye simu yako. Rekodi za mwisho kwenye mkusanyiko huo ni za mwaka aliofariki.